Kofia ya Tata Kwenye Picha Yangu

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mke wangu analijua hilo na amekwisha kunisamehe. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua kali, watu wote wa nyumbani wameenda misa, nami nimesimama peke yangu sebuleni kwetu mtaa wa Kapata nikitazama kofia ya baba yangu iliyoning'inia kwenye msumari. Niliitazama muda mrefu. Laiti ningeendelea kuitazama tu.

Jumapili iliyopita uliniuliza swali mlangoni mwa kanisa. Ulisema, "Tata Placide, siku hizi batu ya kazi banakuangaliaka kwa rezo. Bile bikaratasi bya mu anvelope biko na kazi gani tena?" Ukacheka, nami nikacheka, nikakwambia tutaongea habari hiyo ya mtandao na bahasha. Sikukujibu pale kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake, na watu walikuwa wanapita wakisalimiana. Sasa keti, nikueleze bila haraka. Ukitaka kunicheka, ngoja nimalize.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwetu mtu asiyeoa na asiye na kazi ya kudumu ni kijana tu, hata akianza kuota mvi. Mtandao ndio kwanza ulikuwa umetuingia kwenye simu, na kila mmoja wetu alikuwa na ukurasa wake wa kujionyesha. Tulijifunza kuweka picha kabla hatujajifunza kuweka akili.

Baba yangu, Tata Ngoie, alikuwa fundi wa pampu. Alianza kazi nyumba zile za safu za Kapata zikiwa bado zinapakwa rangi na kampuni ya migodi kila mwaka. Kampuni ilipolegea yeye hakulegea, akahamia kiwanda kimoja kinachosafisha upya mchanga wa zamani wa shaba. Jina la kiwanda halitusaidii kitu hapa. Kofia yake ngumu ya kazi, hiyo tunayoiita kaske, ilikuwa ya njano iliyopauka, na mbele yake imeandikwa namba yake ya kazi. Kila Jumamosi aliiosha kwa sabuni ya kufulia, akaitundika kwenye msumari kando ya picha ya Bikira Maria. Sisi watoto tulikuwa tunatania kwamba tukipiga magoti hatujui tunamwomba nani.

Mimi nilikuwa na diploma ya ufundi na sikuwa na kazi. Yaani, kazi nilikuwa nayo, ila nilikataa kuihesabu. Tata alikuwa na mashine ya kuchomelea uani, na tangu nikiwa na miaka kumi na tisa nilichomelea naye siku zake za mapumziko, na siku nyingine nilichomelea peke yangu: malango ya chuma, vyuma vya madirisha, vitanda, hata mbabula, yaani majiko ya makaa, za akina mama wa mtaa. Ukipita Kapata leo utayaona bado malango yangu, na hayajaanguka. Lakini moyoni nilisema hiyo si kazi ya mtu aliyesoma, hiyo ni kumsaidia mzee. Nilikuwa na kichwa kikubwa, mwanangu, na ndani yake hamkuwa na vitu vingi.

Tata aliamini sana bahasha. Bahasha ya kaki, isiyokunjwa, na ndani yake barua ya kuomba kazi iliyoandikwa kwa mkono, nakala za diploma zenye muhuri, na CV. Na wewe unazijua CV zetu za huku. Jina, mahali ulipozaliwa, halafu mstari ule wa kusema wewe ni mtoto wa nani: *fils de* fulani na fulani. Mimi nilikuwa nimeona mifano ya kisasa kwenye mtandao, na mstari huo haukuwamo.

"Tata, kwa bimodele bya sasa habaandikake tena baba na mama," nilimwambia. "Batatucheka."

"Bacheke," alisema. "Mutu asiyekujua anauliza kwanza unatoka kwa nani. Karatasi inamujibu mbele hajauliza."

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu nikiandika. Akasema niandike pia malango yote niliyochomelea, na chini kabisa niweke majina ya watu wanaonijua kazini: Mama Véro wa duka la unga, na katekista, ambaye nilimtengenezea mlango wa jumba la parokia. Niweke na namba zao za simu, wapigiwe.

"Mbabula, Tata? Mu CV?"

Alikwenda kunawa mikono. Ule mstari wa mtoto wa nani niliuacha ubaki, kwa sababu alikuwa amekwisha kuuona. Lakini malango niliyafuta, na Mama Véro nikamfuta, na katekista nikamfuta. Mahali pao nikaandika maneno mawili matatu ya Kifaransa kuhusu mtu mwenye bidii anayependa kufanya kazi na wenzake. Ilipendeza sana, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Baadaye nilisikia kiwanda cha Tata kinatafuta wasaidizi wa mafundi, watu wa kuchomelea na kukarabati. Nikapeleka bahasha langoni, mlinzi akaipokea pamoja na nyingine chungu nzima. Nilipoliona lile rundo moyo ulinishuka. Nikajisemea kwamba bahasha yangu itapotea mle ndani, lazima nionekane mahali pengine. Jumapili iliyofuata ndipo niliposimama mbele ya ule msumari.

Nilivaa kofia ya Tata, na koti lake lenye mistari ya kung'aa, na viatu vyake vya kazi vilivyonizidi ukubwa hata nikawa natembea kama bata. Nikamwita rafiki yangu Trésor, mwenye simu nzuri. Tukaenda hadi kando ya barabara wanayopita malori ya Kingamyambo, kule unakochotwa mchanga huo, tukakuta gari la kazi limeegeshwa, mwenyewe hayupo. Nikaweka mkono mmoja kwenye boneti, mwingine kiunoni, nyuma yangu kilima cha mchanga wa shaba. Trésor alinipiga picha nyingi mpaka nikapata moja yenye uso wa bosi. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu na kuandika chini yake: Msimamizi wa matengenezo. Kazi kwanza.

Tata aliporudi kutoka misa na mkutano wa jumuiya, kofia ilikuwa msumarini. Hakujua lolote, simu yake ilikuwa ya kupigia tu.

Basi, watu walifurahi. Mioyo, maua, mikono ya kupongeza. Shangazi yangu wa Dilolo aliandika kwamba amelia kwa furaha, na kwamba nimkumbuke mwanawe wa tatu, naye anajua kuendesha gari. Kesho yake akanitumia samaki wakavu kwa lori. Tuliwala wale samaki, mwanangu. Tata aliuliza wametoka wapi, nikasema shangazi ametukumbuka tu. Hata leo nikiona samaki wa aina ile sili kwa raha.

Siku zikapita, orodha ya walioitwa kuhojiwa ikabandikwa kwenye lango la kiwanda, na jina langu likawemo. Tata ndiye aliyelisoma wa kwanza, maana aliingilia lango hilo kila asubuhi. Alirudi nyumbani akiwa amejizuia kucheka, kama mtu aliyeficha pipi mdomoni. Asubuhi ya kuitwa alinipigia viatu rangi kwa mkono wake mwenyewe. Nilipotaka kumnyang'anya brashi alinipiga kwayo kidogo mkononi.

"Mi nitakuwa kule ku pampu," alisema, akimaanisha mbali na ofisi. "Sitafika karibu na biro. Batu basiseme ni mi njo nakuingiza."

Nilihojiwa na mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, mama mmoja mtulivu aitwaye Mama Odile. Pale kazini wote walimwita Madamu. Alikuwa amekwisha kuifungua bahasha yangu na kupanga kila karatasi mahali pake juu ya meza. Alianza na barua. Akasema mwandiko ni mzuri, siku hizi vijana hawaandiki hivyo. Nikavimba. Kisha akageuza skrini ya kompyuta yake, na mbele yangu nikajiona mwenyewe, mkono kwenye boneti.

"Huyu njo weye?"

"Njo mi, Madamu."

"Musimamizi. Ya wapi? Ku karatasi yako sioni pahali ulisimamia."

Nikasema ilikuwa kazi ya muda mfupi, sikuona haja ya kuiandika. Nilijisikia nikisema hivyo kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayesema kweli. Mama Odile hakubisha. Akaisogeza picha mpaka ikawa kubwa, uso wangu ukatoka nje ya skrini, ikabaki kofia tu na namba yake.

"Na hii namba? Hii ni kaske ya hapa kwetu."

Unajua sheria za viwandani, mwanangu, na kama hujui utazijua. Vifaa vya kazi haviendi juu ya kichwa cha mtu mwingine. Wakati ule vilikuwa vinaibwa, watu wakivivaa wanapita malangoni kama wafanyakazi, na baada yao nyaya za shaba hazionekani. Mfanyakazi aliyekutwa ameazimisha kofia yake alikuwa na maneno ya kujibu. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayasikia mezani kwetu tangu utotoni.

Kwa hiyo ningeweza kusema: ni ya baba yangu, niliichukua yeye akiwa kanisani, yeye hajui. Sentensi moja. Ningekosa kazi na ningerudi nyumbani, basi. Nimeisema ile sentensi mara nyingi tangu siku hiyo, barabarani, bafuni, hata mbele ya padri. Pale ilipotakiwa sikuisema.

Nilisema, "Ni ya muzee moja, Madamu. Alinipatia tu mu njia, juu ya foto. Simujue."

Mama Odile alichukua daftari la namba za wafanyakazi. Alipitisha kidole taratibu, akakisimamisha. Halafu akakihamisha kile kidole, akakiweka juu ya CV yangu, kwenye mstari wa tatu, na akasoma kwa sauti: "*Fils de* Ngoie."

Nilikuwa nimeuchukia ule mstari, nimeuita wa kizamani, na sasa ulikuwa umelala pale ukisema kweli mbele ya mtu aliyeketi anasema uongo. Karatasi ilimjua baba yangu. Mimi nilikuwa nimemkana.

"Unasema haumujue?" aliuliza Mama Odile. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Akamtuma mtu kule pampu.

Tata aliingia na mafuta ya mashine mpaka kwenye viwiko. Aliposikia ameitwa ofisini alidhani nimepata ajali, hivyo macho yake yalianza na mimi, yakanipima kutoka juu hadi chini, akaona ni mzima, akatulia. Akavua kofia. Ilikuwa ni ile ile, mikononi mwake, na ile ile kwenye skrini. Mama Odile akamwonyesha picha na kumweleza kwa ufupi, na hakuficha neno lolote. "Tata Ngoie, huyu kijana anasema ule muzee wa kaske hamujue."

Tata aliitazama picha. Nilikuwa nimeangalia sakafu, lakini nilisikia pumzi yake.

"Na bibwasa ni byangu pia," alisema mwishowe, maana aliviona viatu. Halafu akasema, "Madamu, huyu ni mutoto yangu. Ile kaske, mi mwenyewe njo nilimupatia."

"Tata, unajua ile maneno inamaanisha nini?"

"Najua."

Na sasa nifike mahali ambapo huwa sifiki ninapowasimulia wengine. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeinuka nikasema, hapana, mzee huyu alikuwa kanisani, anadanganya kwa ajili yangu. Nilikaa kimya. Na sikunyamaza kwa woga peke yake. Nilinyamaza kwa sababu kona moja ya moyo wangu ilikuwa bado inatumaini ile kazi. Nilidhani, kwa kuwa yeye amejitwika, huenda mimi nitapita. Hicho ndicho kilichonifanya niwe mtu wa aibu mpaka leo. Uongo ule wa kwanza ulinitoka kwa kubanwa, lakini ukimya niliuchagua nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kazi sikupata, bila shaka. Tata alipewa ile karatasi inayomtaka mfanyakazi ajieleze kwa maandishi, ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi, kisha akasimamishwa siku kadhaa. Mwaka ule walikuwa wanatafuta mkuu wa kikosi cha pampu, na watu wote walijua ni yeye, hata mama yangu alikuwa amekwisha kumnunulia saa ya mkononi. Cheo kilikwenda kwa mwenzake. Tata alistaafu baadaye akiwa fundi kama alivyokuwa. Saa aliivaa hivyo hivyo.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Hakunigombeza, wala hakuniambia nifute picha. Tulipofika karibu na duka la Mama Véro, mbele ya lango nililolichomelea kwa mikono yangu, alisimama akaligusa kufuli lake, kama anapima kazi.

"Ku karatasi uliandika batu bawili benye kukuzala," alisema. "Ku ile foto haukuandika hata mutu moja. Njo maana ulipotea."

Hayo tu. Sikuwahi kumsikia akilirudia jambo hilo.

Nilimtaka radhi, lakini kwa namna ya vijana, kwa kuzungukazunguka. Nilibeba maji asiyoniomba, nilitengeneza bawaba ya mlango uliokuwa haulii. Wakati wa zile siku zake za kukaa nyumbani tuliandika CV nyingine pale uani. Yeye alitaja, mimi niliandika: lango la fulani, madirisha ya fulani, mlango wa parokia. Mbabula pia ziliingia. Ikajaa kurasa mbili, nikashangaa kwamba mtu niliyemdharau alikuwa amefanya mambo mengi kiasi kile, na mtu huyo ni mimi. Miezi michache baadaye karakana moja ndogo ilimpigia Mama Véro simu, na Mama Véro, kama unavyomjua, aliongea mpaka salio la mwenye karakana likaisha. Nikaajiriwa. Nipo kwenye kazi hiyo ya kuchomelea mpaka leo, na sasa mimi ndiye ninayefungua bahasha za wengine.

Nikiwa nimepata mshahara wa kwanza nilirudi kwenye ukurasa wangu. Nilitaka kuandika chini ya ile picha kofia ilikuwa ya nani. Nikashindwa, nikaifuta. Badala yake nikaweka picha za malango, na chini ya kila lango jina la mwenye nyumba aliyekubali nimtaje. Nilijiambia imetosha. Haikutosha, lakini nilijiambia hivyo kwa miaka mingi.

Tata alifariki msimu wa mvua uliopita. Ulikuwapo mazishini, uliimba na kwaya. Baada ya kilio mama alinipa sanduku la bati alimokuwa akitunza karatasi zake. Cheti cha ubatizo kilikuwamo, na cheti cha ndoa, na barua zake zote za kazi na za sifa tangu ujana, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Na katikati yake, mahali pake pa tarehe, ilikuwamo ile karatasi ya kutakiwa ajieleze. Angeweza kuichoma. Hakuichoma. Aliiweka pamoja na sifa zake.

Nyuma yake palikuwa pamebanwa kipande cha daftari. Yalikuwa majibu yake, aliyoyaandika kwanza kwa mkono kabla ya kumpelekea mtu amwandikie kwa Kifaransa. Mwandiko ule ule ulionifundisha kuandika barua. Nilikisoma nimesimama, halafu nikaketi chini.

"Huyu mutoto ni wangu. Alivala kaske yangu juu alitaka kufanana na mi."

Mwanangu, haikuwa kweli. Siku ile sikutaka kufanana naye hata kidogo. Nilitaka kufanana na mtu yeyote asiyekuwa yeye, mtu mwenye gari na mkono kiunoni. Yeye hakujua, au alijua akaamua kuandika hivyo ili pabaki mahali pamoja duniani panaposema mwanawe alimpenda. Sijui ni lipi. Siwezi tena kumuuliza. Ninachoweza ni kuona haya, na ninaona haya kila ninapofungua bahasha ya kijana na kukuta ule mstari.

Sasa jibu lako. Ndiyo, karatasi ingali na kazi. Peleka bahasha yako, na uandike kwa mkono wako, usimlipe mtu wa mashine akuandikie sifa alizowaandikia wengine kumi. Andika kazi ulizofanya kweli, hata ile ya kutengeneza redio na feni za majirani, usiione ndogo. Waandike watu wanaokujua, na kabla ya kuwaandika nenda ukawasalimie na kuwaomba. Na ukurasa wako wa mtandao uweke pia, kwa nini usiuweke? Mimi mwenyewe huufungua ukurasa wa kila kijana kabla sijamwita. Sitafuti picha nzuri. Natazama kama yule wa kwenye simu na yule wa kwenye karatasi wakikutana njiani watasalimiana. Wakipitana kama wageni, naifunga bahasha.

Ukipiga picha na kifaa cha mtu, mwandike mwenye kifaa. Ukijifunza kwa mtu, mtaje, awe na elimu au asiwe nayo. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo ukiwa bado kwenye kiti, kabla aliye mkubwa kwako hajaingia mlangoni kukubebea. Mimi nilichelewa, na niliyepaswa kumwambia amelala kule makaburini, nami nakwambia wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na kila utakachokiunganisha kwayo. Jina lako lisomwe langoni kwa sauti ya furaha, na wazazi wako waishi walisikie. Na siku utakapoulizwa mbele ya watu wewe ni mtoto wa nani, ulimi wako usikwame kama wangu.